Sahani Iliyorudi na Vumbi

Nianze na sufuria, maana bila sufuria hamtamjua mama mkwe wangu, Bibi Agnesi. Mama yule aliosha sufuria ndani na nje, tena nje alisugua kwa majivu mpaka ukiinama unaona meno yako. Aliosha jiwe la kusagia kabla ya kusaga na baada ya kusaga. Nilipoolewa, mimi Paulina, yatima wa Chanzuru niliyekuja na kanga moja, alinipokea kwa mikono miwili akanilea kama aliyenizaa. Kwa hilo sikuwahi kupata cha kumlipa. Lakini kwa habari ya vyombo tulinuniana karibu kila jioni. Nikiweka bakuli kichanjani, yeye analiondoa kimya kimya analiosha upya. Na mimi hasira zangu ziko puani, hazisubiri kuitwa.

Sasa kuosha huko ndiko kulikokaribia kumtoa roho, na aliyemwokoa ni mtu asiyeosha. Sikilizeni.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Tulikuwa tumetolewa vilima vya Zombo, tukaletwa kwenye kijiji cha ujamaa kando ya njia itokayo Mikumi kwenda Kidodi, nyumba zimepangwa kwa mistari. Hatujamaliza hata kukandika kuta, kampuni ya barabara ikafika, ikapasua kilima kilichokuwa nyuma ya mstari wetu na kusimika mashine ya kusaga mawe. Barabara tuliitaka, nisije nikaonekana sina shukrani. Mume wangu Mathayo alikuwa akikata miwa Ruhembe, na kiangazi kikianza ilikuwa hatumwoni mpaka masika yarudi. Ila mashine ile waliiweka karibu mno. Ikiwashwa asubuhi, maji yalitetema ndani ya mtungi wangu.

Na vumbi lake halikuwa vumbi tulilozoea. Vumbi letu ni jekundu, unafagia linapanda, unaacha linatua, mmeshaelewana. Hili lilikuwa la kijivu, laini kama unga wa mwisho chini ya kinu. Hewani hulioni. Unaliona limeshakaa, juu ya maji, juu ya uji, kwenye kope za mtoto wangu Regina akiamka.

Mama ndiye lililomwandama. Mwanzoni alikohoa kidogo, tukasema ni mafua ya kuhama. Kiangazi kilipokolea akawa halali. Sisemi kwamba alikosa usingizi mzuri, nasema hakuweza kuulaza mgongo. Akijinyoosha kitandani, kifua kinambana na kupiga filimbi, macho yanamtoka. Basi akawa anaukabili usiku akiwa ameketi, ameegemea ukuta, mito miwili kiunoni. Mganga wa zahanati alimpa vidonge, kisha akaniita pembeni. Aliniambia vidonge vitatuliza tu, lakini Mama akiendelea kuvuta vumbi lile mpaka kiangazi kijacho, hicho kiangazi hatakimaliza. Na kazi ya kampuni ilikuwa ndefu kupita kiangazi hicho. Kurudi Zombo haikuwezekana, kwa kuwa nyumba ya kule ilikwisha bomolewa na amri ilikuwa watu wakae kijijini.

Nilichukua jembe, nikapanda kilimani. Jembe la nini hata leo sijui. Msimamizi wa pale alikuwa Mngoni mmoja aitwaye Kasian, mtu mpole, anavua kofia akiongea na mwanamke. Upole wake ulinikasirisha zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Akasema yeye hana uwezo wa kuhamisha mashine kwa sababu mtu anakohoa, maana vumbi liko kila mahali na wazee wanakohoa kila mahali. Ila serikali ikipima na kuonyesha kwamba vumbi la mashine linafika majumbani, hapo atakuwa na la kuwaambia wakubwa zake, na atahama. Nikarudi na jembe langu. Kesho yake nikadandia lori la pamba mpaka Kilosa kumtafuta Bwana Afya.

Bwana Afya mwenyewe alikuwa kijana anaitwa Cleopa, na sisi tulimjua sana. Ndiye aliyetuzungukia wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka uliotangulia, tukiwa bado Zombo, akichungulia vyoo na kuvifunua vyungu. Akikuta sahani ina masizi aliiinua juu mkutanoni watu wote waione, mwenyewe unatamani ardhi ipasuke. Na siku ile ya mkutano aliinua pia sahani ya Mama, ile nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu, akasema wanakijiji, tazameni, hii ndiyo nyumba ya mfano. Mama hakulisahau neno hilo. Aliligeuza kuwa kama ubatizo wa pili.

Cleopa alikuja kwa pikipiki, akamsalimia Mama shikamoo, akakisikiliza kifua chake kwa sikio tu, na uso wake ukabadilika. Akatueleza alichotaka. Kila nyumba ya mstari wetu itoe sahani nyeupe, safi, iwekwe juu ya kichanja bila kufunikwa. Iachwe hapo, isiguswe, mpaka arudi Jumatatu ijayo. Vumbi litakalotua ndilo atakalolipima, na kutokana na hilo atajua watu wa hapa wanavuta nini. Akarudia mara nyingine, pole pole. Wanawake wote tukaitikia ndiyo, Mama akiwa wa kwanza.

Alitaka pia sahani moja ya mbali, ng'ambo ya korongo, kwenye boma la Sironga, mfugaji wa Kimasai aliyekuwa hapo na ng'ombe wake kabla kijiji chetu hakijazaliwa. Kama vumbi linafika kule, alisema, ajue limekwenda mpaka wapi. Tatizo ni kwamba boma lile halikuwa na sahani. Walikuwa na vibuyu. Cleopa akanitazama mimi.

Mama akanivuta kanga, akaninong'oneza. Sahani yetu iende kule? Hapa niseme ukweli kuhusu Nalangu, mke wa Sironga. Alikuwa mwanamke mrefu, mkarimu, wa umri wangu. Tangu tufike alituletea maziwa, maana alisema jirani haji mikono mitupu. Lakini Nalangu hakuosha vibuyu vyake kwa maji. Kwao, maji yanaharibu maziwa. Alichukua kijinga cha mti wa porini, kinafuka, akakitumbukiza ndani ya kibuyu, akasugua mpaka kibuyu kikafukizwa chote, kisha akakung'uta makaa kwa brashi ya mkia wa ng'ombe. Mama alipoliona jambo hilo kwa macho yake alikaa chini. Tangu siku hiyo Nalangu akileta maziwa, Mama anayapokea kwa mikono yote miwili, anashukuru kwa heshima zote, na mgeni akishavuka korongo anakwenda kuyamwagia mgomba.

Mimi niliipeleka ileile iliyosifiwa, na nyingine mbili za ukingo uleule zikabaki kichanjani kwetu. Nilimwambia Nalangu aiweke juu, isiguswe, ni kazi ya Bwana Afya. Na kwa kuwa mdomo wangu hauna pazia, nikaongeza kwamba natumaini itarudi kama ilivyokwenda. Alicheka tu, akaipokea.

Jumatatu ile zamu yetu ilikuwa kwenye shamba la kijiji, kutayarisha matuta ya mahindi ya ujamaa, nikaondoka alfajiri. Nilipita kichanjani kwetu nikaziona sahani mbili zetu. Zilikuwa zimeingia ukungu wa kijivu, ukingo wa buluu hauonekani. Jamani, nilifurahi. Nilifurahia uchafu kwa mara ya kwanza maishani. Nilikwenda shambani nikiimba.

Jua limepanda, nikasikia pikipiki, na nyuma yake gari la kampuni. Nikaacha jembe kwenye tuta, nikakimbia. Nilipofika uani, Cleopa alikuwa amesimama mbele ya kichanja chetu, Kasian pembeni yake kofia mkononi, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lazaro. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Na kichanjani, sahani zilikuwa zinawaka. Jua lilizipiga zikatuumiza macho.

Nilitazama mstari wa nyumba, kichanja baada ya kichanja. Zote zinang'aa. Nyumba ya mfano ilikuwa imeamka ikaosha, na mstari mzima ukaiga.

"Mama, umeziosha?" nikauliza.

"Ulitaka," akasema, akavuta pumzi, "mgeni wa serikali," akavuta tena, "akute nini?"

Maneno machache hivyo, na alihitaji kupumzika mara mbili njiani. Alinitazama akingoja nimpongeze. Sikulaumu kichwa chake. Mtu amekusifu mwaka jana kwa usafi mbele ya watu wote, mwaka huu akuombe umwonyeshe uchafu? Mama alijua ni mtihani, na mtihani aliufaulu. Ila mkono uleule uliokuwa ukitetemeka kwa kukosa hewa ulikuwa umefuta ushahidi wa kilichokuwa kikimnyima hewa.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Kwetu mkwe hakaripiwi. Nikayameza maneno yangu, na yalikuwa na miba. Nikamgeukia Cleopa, nikamweleza kwamba asubuhi niliziona kwa macho yangu haya, zilikuwa za kijivu. Akasema ananiamini, lakini hawezi kuandika alichoona Mama Regina, anaandika alichoona yeye. Kurudia kunawezekana, ila atakaporudi ofisini na mikono mitupu hajui kama watampa petroli ya kuja tena. Kasian naye, sitamsema vibaya, alikuwa anatazama chini kama mtu aliyeshinda mchezo asioutaka. Mzee Lazaro akaanza kushukuru kwa niaba ya kijiji. Nikamwona Mama akitabasamu pale kigodani, kifua kinapiga filimbi, nikajua nimempoteza.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba nina sahani ya tatu.

Tulivuka korongo wote isipokuwa Mama. Njia nzima niliomba, na niliomba maombi ya ajabu: Mungu wangu, yule mwanamke asiwe ameosha. Nikakumbuka nilivyomwambia irudi kama ilivyokwenda. Mdomo wangu huu. Kama amenisikia na kutii, basi ni mimi niliyemzika Mama.

Nalangu alitupokea bila haraka. Akatupeleka nyuma ya nyumba yake, na juu ya paa, katikati ya matawi ya miiba aliyoyapanga duara ili mbuzi wasifike, ilikuwa sahani yangu. Ilikuwa ya kijivu kutoka ukingo mpaka ukingo. Nikauliza kama hakuiosha hata kidogo. Alinishangaa.

"Uliniambia ni kazi ya Bwana Afya," akasema. "Kazi ya mtu haiguswi mpaka aje mwenyewe. Na sisi hatuoshi."

Kasian aliisogelea, akaitazama sana. Kisha akasema kitu ambacho, kwa haki, hata mimi ningekisema ningekuwa yeye. Alisema boma hili wanafukiza vibuyu kila siku, moshi na makaa viko kila kona, kwa hiyo hili linaweza kuwa jivu. Vijinga vilevile tulivyovicheka vilikuwa vimetugeukia.

Cleopa akaisogelea sahani. Alichukua chembe kidogo kwa ncha ya kidole, akaiweka kwenye meno ya mbele, akasaga taratibu. Tulisikia. Ulikuwa mlio mdogo mkavu, unaokufanya ukunje uso wewe usiyetafuna.

"Jivu halilii menoni," akasema. "Onja na wewe, Ndugu Kasian."

Kasian alisita, akaonja. Jiwe lile alikuwa analipasua kila siku, alilijua kuliko sisi sote. Alitema, akafuta mdomo kwa kofia, akageuka kutazama kule tulikotoka. Kutoka bomani mashine yake ilionekana ndogo, na nyumba zetu zilikuwa katikati, karibu nayo kabisa.

"Ni la kwetu," akasema. "Na huku ndiko mbali."

Cleopa aliifunika sahani kwa kitambaa safi, akaifunga, akaipakata kwenye pikipiki kama mtoto. Kasian akamwambia mbele ya mwenyekiti kwamba akipeleka, aandike pia kwamba msimamizi ameonja mwenyewe.

Wakubwa waliagiza kipimo kirudiwe, na petroli ikapatikana. Safari hii sahani za mstari wetu zililindwa, na mlinzi wake mkuu alikuwa Mama. Kasian alimweleza mwenyewe, ameketi chini mbele ya kigoda, kwamba usafi wake ndio uliokuwa unamficha adui. Mama alimsikiliza, akaomba fimbo. Alikaa kando ya kichanja tangu asubuhi hadi magharibi, ole wako kuku. Mzee Lazaro aliinama kutazama kwa karibu, akachapwa kiganja, mwenyekiti mzima, akaomba radhi.

Jibu lilipotoka, Kasian hakungoja karatasi zizunguke. Gari la boza likaanza kumwagia mawe maji kabla ya kusagwa, na kabla ya vuli mashine ikang'olewa, ikapelekwa ng'ambo ya kilima upande wa pori, ambako upepo unaondoka kwetu. Kijana Cleopa akaturudishia sahani yetu. Hao wawili nikiwaombea huwa nawataja kwa majina, ili pasiwe na makosa.

Siku chache baada ya hapo Nalangu alivuka korongo na kibuyu begani. Hakucheka kama desturi yake. Alikataa kuketi. Nikamuuliza kuna nini, akasema amekuja kwa sababu ya aibu. Kwao, chombo cha watu hakirudi kitupu. Ukiazimwa chombo, unakirudisha na kitu ndani. Na yeye sahani yetu aliirudisha na vumbi tu, tena mbele ya wanaume, na tangu siku hiyo hajakaa vizuri.

Machozi yalinishuka na sikuyazuia. Alikuwa ametupa pumzi ya Mama, na amekuja kuomba radhi kwamba hakutupa kitu.

Mama akajibu kutoka ndani, alikokuwa ameegemea ukuta wake.

"Haikurudi tupu, mwanangu. Njoo uketi hapa."

Nalangu akaingia. Mama akaniagiza kikombe. Nikakitoa, nikasubiri aniambie nikaoshe kibuyu kwanza, hakusema. Nalangu akamimina, maziwa yakatoka na harufu ya moshi, na chembe nyeusi mbili tatu juu yake. Mama akazitazama chembe zile. Kisha akanywa, akanywa mpaka chini, akanyoosha kikombe aongezwe.

Alipomaliza alifuta midomo. Akasema, kwa aibu ambayo sikuwahi kuiona kwake, kwamba yale maziwa ya mwanzo alikuwa anayamwagia mgomba.

"Najua," Nalangu akasema. "Nilikuwa nautazama mgomba wenu. Ulinenepa."

Tulicheka wote watatu, na Mama alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikapita.

Vuli ikaja. Asubuhi moja, baada ya mvua ya kwanza, niliamka nikasikia kimya. Nilikuwa nimeishi na filimbi ya kile kifua muda mrefu hata kutokuisikia kulinishtua. Nikaenda chumbani kwake. Mito miwili ilikuwa sakafuni. Ukutani hakuna mtu. Mama alikuwa kitandani, amenyooka chali, mikono kifuani, kimya kama walivyo wale tunaowaaga. Nikapiga magoti. Nikaweka kiganja puani pake.

Akafungua jicho moja.

"We Paulina," akasema, wala hakupumzika njiani, "hujapata kumwona mtu amelala? Na huo mkono umenawa?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikambusu mguu, akaniambia nimwache alale. Nikatoka. Nikaichukua sahani ya ukingo wa buluu, nikaijaza unga, nikavuka korongo bila hata kunawa uso. Nalangu alikuwa anakamua. Akaona machozi yangu, akasimama, akidhani ni msiba.

"Amelaza mgongo," nikamwambia. "Tangu jana jioni mpaka sasa."

Akaweka kibuyu chini, akaipokea sahani kwa mikono yote miwili. Kisha akaketi palepale kwenye majani mabichi, nami nikaketi kando yake, ng'ombe akatusubiri.